Buluu ya spirulina, ya Galdieria au ya Haslea: ipi ifae kazi gani

Mtu anayetafuta rangi asilia za vyakula hapati shida kubwa mpaka afike kwenye buluu. Nyekundu ipo kwenye rozela, njano ipo kwenye manjano na mzingefuri, na kijani ipo karibu kila jani. Buluu inayoliwa, tena inayobaki buluu baada ya kuchanganywa na kitu kingine, ni adimu mno katika mimea ya nchi kavu, na ndiyo maana watengenezaji wa vyakula, vipodozi na hata vitendanishi vya maabara wameugeukia mwani na viumbe wa jamii yake. Huko wamekuta buluu tatu zinazostahili kulinganishwa: ile itokayo kwenye spirulina, ile ya mwani mdogo wa chemchemi za moto uitwao Galdieria sulphuraria, na ile ya Haslea ostrearia, kiumbe wa baharini anayezipa rangi chaza za Ufaransa.

Wauzaji hupenda kushindanisha rangi hizi kwa ukali wa rangi na bei ya kilo. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Maswali ya kwanza ni mawili: bidhaa yako ina uchachu kiasi gani, na itapashwa moto kiasi gani baada ya rangi kutiwa. Anayeyajibu hayo kwa ukweli huwa amekwisha kuchagua zaidi ya nusu.

Asili ya udhaifu na uzuri wake

Spirulina na Galdieria, ingawa ni viumbe walio mbali sana kinasaba, hutoa buluu ya aina moja iitwayo fikosayanini. Hii ni protini iliyoshikamana na kijenzi kidogo cha rangi, fikosayanobilini, ambacho kiumbe hukitengeneza kutokana na hemu, kijenzi kilekile kinachopatikana katika damu yetu. Kazi yake ndani ya seli ni kunasa mwanga ambao klorofili huunasa kwa shida, hasa mwanga wa rangi ya chungwa wenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 620, na kuupitisha hadi penye usanisinuru. Mwanga huo ukishanaswa, unaobaki kulifikia jicho letu ni wa buluu.

Jambo la kushika hapa ni kwamba rangi haikai kwenye kijenzi kile kidogo peke yake. Namna protini ilivyokikunjia na kukibana ndiyo inayokipa buluu yake kali. Protini ikikunjuka kwa joto au kwa asidi, kama ute wa yai unavyobadilika kwenye kikaango, buluu huondoka na haiwezi kurudishwa. Hii ndiyo sababu rangi hii haiwezi kutumiwa kwa mazoea ya rangi za viwandani kama Brilliant Blue FCF, yaani E133, ambayo huvumilia uchachu, jua na tanuri bila kutetereka.

Niseme wazi pia kwamba kuwa ya asili hakuifanyi rangi yoyote kuwa salama zaidi moja kwa moja. E133 imechunguzwa kwa miaka mingi, na kiwango chake kinachokubalika kwa siku kimewekwa kuwa miligramu 6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Anayeiacha aiache kwa sababu anazoweza kuzieleza, kama vile matakwa ya wateja wake au ya soko analolenga. Marekani, kwa mfano, ilitangaza mwezi Aprili 2025 mpango wa kuziondoa katika vyakula rangi zinazotokana na mafuta ya petroli, na tangazo hilo limewasukuma wenye viwanda wengi kutafuta mbadala.

Spirulina: ya kwanza kufikiriwa, si ya kila kitu

Spirulina, ambayo wataalamu huiita Arthrospira platensis, si mwani kwa maana kamili bali ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Imeliwa na watu kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuikamua rangi. Waazteki waliivuna katika ziwa Texcoco, na wanawake wa Kikanembu katika eneo la Kanem, kando ya Ziwa Chad, huikusanya na kuikausha kuwa vipande viitwavyo dihé ambavyo hutiwa kwenye mchuzi. Ndugu yake, Arthrospira fusiformis, ndiye chakula kikuu cha heroe wadogo wa Nakuru, Bogoria na Natron, na wekundu wa manyoya yao hutokana na karotenoidi zilizomo ndani yake. Kwa hiyo kiumbe huyu si mgeni kwetu. Hupenda maji ya joto yenye magadi ambayo viumbe wengi hawayawezi.

Kama rangi, spirulina ina faida ambayo nyingine hazina: fikosayanini yaweza kufikia kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wake mkavu, na kuikamua hakuhitaji kemikali kali, kwa kuwa huyeyuka katika maji matupu. Kampuni ya Kijapani ya DIC ilianza kuiuza kama rangi ya chakula mwishoni mwa miaka ya 1970. FDA, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, iliiruhusu mwaka 2013 kwa pipi na chingamu, kisha ikapanua orodha hadi aiskrimu, krimu za kupambia keki na vyakula vingine. Katika Umoja wa Ulaya dondoo lake huhesabiwa kuwa chakula chenye uwezo wa kutia rangi, kwa hiyo halina namba ya E, ile ya viungio vya chakula, kwenye lebo.

Mnunuzi asichanganye vitu viwili vinavyouzwa kwa jina moja. Unga wa spirulina ni wa kijani kibichi kilichokolea, kwa sababu una klorofili pamoja na fikosayanini, na una harufu ya ziwa ambayo vanila haiifichi. Dondoo la spirulina ni buluu tupu, karibu halina harufu, na bei yake ni mbali kabisa na ya unga. Tofauti hii inaweza kuonekana jikoni. Koroga kijiko cha unga katika glasi ya maji baridi, uiache usiku kucha kwenye friji, kisha uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Kijani kibichi kitabaki juu ya karatasi, na chini yatadondoka maji ya buluu. Yaangalie maji hayo yakiwa yamemulikwa kwa tochi kali kutoka ubavuni, nawe utaona ndani yake mng'ao mwekundu, kwa maana fikosayanini hutoa tena sehemu ya mwanga iliounasa ikiwa na rangi nyekundu. Kisha gawa maji hayo katika vikombe vitatu. Kimoja kikamulie ndimu, na baada ya muda utaona vinyuzi vikiganda na kuzama huku rangi ikififia. Cha pili kipashe moto hadi kikaribie kuchemka, nacho kitabaki na maji ya kijivu. Cha tatu kiache dirishani penye jua, na buluu yake itapungua taratibu.

Vikombe hivyo vitatu vinaeleza mipaka yote ya spirulina. Fikosayanini yake hutulia vizuri zaidi katika pH (kipimo cha uchachu, ambacho kikishuka uchachu huzidi) ya kati ya 5.5 na 6, na joto likivuka nyuzi 47 hivi za Selsiasi huanza kuharibika kwa kasi. Chini ya pH 5 huanza kushikana, na karibu na 4 hujitenga na kuzama. Sukari nyingi huisaidia kustahimili joto, na ndiyo maana inafanya kazi vizuri katika pipi na krimu za keki kuliko katika vinywaji.

Kwa aiskrimu, basi, sioni sababu ya kwenda mbali. Mchanganyiko wa maziwa hauna uchachu wa kutisha, na ubaridi ndio rafiki mkubwa wa rangi hii. Sharti ni moja tu: maziwa yapashwe moto kwanza ili kuua vijidudu, yapoe, na rangi itiwe kabla tu ya kuingia kwenye mashine ya kugandishia. Wanaotia rangi kabla ya kupasha moto hupoteza sehemu kubwa ya walichokilipia, kisha huilaumu rangi. Kwa keki, spirulina itumike juu, kwenye krimu na mapambo, isitiwe ndani ya unga unaokwenda tanurini. Kwa mtindi mzito inawezekana, kwa kuwa uzito wa mtindi huficha kuganda, lakini mtengenezaji apime rangi itakavyokuwa siku ya mwisho ya kuuzwa na si siku ya kwanza.

Galdieria: pale penye uchachu

Galdieria sulphuraria ni mwani mwekundu wa seli moja, ingawa hauna wekundu wowote, kwa kuwa haumiliki fikoeritrini, pigmenti inayowapa ndugu zake rangi hiyo. Huishi kwenye chemchemi za moto zenye salfa, kama zile za Campi Flegrei karibu na Naples na za Yellowstone huko Marekani, katika maji ambayo pH yake yaweza kuwa chini ya 2 na joto lake kukaribia nyuzi 56. Protini za kiumbe aliyezoea joto hilo zimejengwa kuvumilia zaidi, na fikosayanini yake hubaki buluu katika uchachu na joto ambavyo vingekwisha kuiangusha ile ya spirulina.

Kuna tofauti nyingine, ya namna ya kuzalisha, ambayo kwa mtu wa kiwanda ina uzito mkubwa. Spirulina inahitaji jua, kwa hiyo hulimwa katika mabwawa mapana na hutegemea hali ya hewa. Galdieria inaweza kukuzwa gizani, ndani ya matangi ya chuma, ikilishwa glukosi kama hamira inavyolishwa, na bado ikatengeneza fikosayanini. Mazao yake kwa hiyo hayategemei msimu, na maji yenye asidi kali inamokuzwa huwazuia vijidudu wengi kuingia. Kwa upande wa pili, teknolojia hiyo ni ya gharama na ya watu wachache. Kampuni ya Ufaransa ya Fermentalg ndiyo iliyowasilisha ombi Marekani, na FDA ikairuhusu rangi hiyo mwezi Mei 2025 kwa orodha ndefu inayojumuisha vinywaji visivyo na kilevi, juisi za matunda, maziwa yenye ladha, mtindi, pipi na aiskrimu.

Ukiziweka mbili hizi ubavu kwa ubavu, Galdieria inashinda waziwazi kwenye soda na juisi, na haiongezi kitu cha maana kwenye aiskrimu au krimu ya keki. Kulipia uvumilivu wa asidi katika bidhaa isiyo na asidi ni kupoteza fedha. Na hata kwenye juisi, mtengenezaji ajiulize kama anahitaji buluu kweli. Juisi ya pasheni au ya embe ni ya njano, na buluu yoyote ikitiwa humo itatoa kijani. Kwa bidhaa kama hiyo rangi ghali inayotafutwa kwa jina la buluu huishia kufanya kazi ya rangi nyingine.

Anayeishi mbali na wauzaji wa Galdieria ana njia moja ya kati ya kujaribu. Tafiti zimeonyesha kwamba polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari) zenye chaji hasi, karajenani ikiwa miongoni mwao, zinaweza kuishika fikosayanini ya spirulina na kuipunguzia kuharibika katika vinywaji vyenye uchachu vinapopashwa moto. Karajenani ndiyo hasa inayotolewa kwenye mwani unaolimwa na wanawake wa Unguja na Pemba, ule wa spinosum na wa cottonii. Ni jambo linalonivutia kwamba mazao ya Jambiani, kijiji cha Unguja, yanaweza kuwa mlinzi wa rangi inayokamuliwa katika maji ya magadi. Hata hivyo, huo ni msaada wenye kikomo: hauwezi kuigeuza spirulina kuwa Galdieria katika kinywaji chenye ukali wa ndimu.

Hapo hapo niwajibu wanaouliza kama mwani wenyewe wa Zanzibar hauwezi kukamuliwa buluu. Mwani mwekundu una fikosayanini kidogo pamoja na fikoeritrini, lakini kiasi chake ni kidogo mno kulinganisha na spirulina, na kuitenga na pigmenti nyekundu ni kazi ya maabara. Mkulima wa mwani ana faida zaidi katika karajenani.

Haslea: buluu ya kuheshimu, si ya kuagiza

Marenini, buluu ya tatu, ni kitu tofauti kabisa na fikosayanini. Huzalishwa na Haslea ostrearia, diatomu (mwani wa seli moja wenye ganda la silika) mwenye umbo la mashua nyembamba, na ukimtazama chini ya hadubini utaona buluu imejikusanya kwenye ncha zake mbili huku katikati pakiwa na rangi ya kahawia ya dhahabu. Kisha humwaga rangi hiyo ndani ya maji. Katika mabwawa ya kina kifupi ya Marennes-Oléron, pwani ya magharibi ya Ufaransa, chaza hufyonza maji hayo na matamvua yao hugeuka kijani, na walaji hulipa zaidi kwa chaza wa namna hiyo. Mfaransa Gaillon alikwisha kukihusisha kiumbe hiki na ukijani wa chaza mwaka 1820, na mwanazoolojia Mwingereza Ray Lankester akaipa rangi yenyewe jina la marenini mwaka 1886.

Pamoja na historia hiyo ndefu, muundo wa kikemia wa marenini haujafumbuliwa wote. Huyeyuka katika maji, hubadilika rangi kulingana na pH, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba inaweza kudhoofisha baadhi ya bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao ni adui wa vifaranga vya chaza na kome. Kwa hiyo mtu wa ufugaji wa viumbe wa baharini ana sababu ya kuifuatilia. Mtu wa vyakula na vipodozi hana cha kununua kwa sasa, kwa sababu haijaingia sokoni kama rangi ya kawaida ya chakula, na anayeahidiwa kuuziwa marenini kwa kilo aombe vyeti kabla ya kutoa hela.

Ngozi, sabuni na nguo

Katika vipodozi, fikosayanini hutumika kwenye wanja, rangi za macho na krimu zenye pH inayokaribia ile ya ngozi. Spirulina inatosha hapo, mradi kopo lisipitishe mwanga. Sabuni ya mche ni habari nyingine. Soda kali inayotumika kugeuza mafuta kuwa sabuni huikunjua protini mara moja, na hakuna kati ya rangi hizi itakayovuka salama. Mtengenezaji wa sabuni atafute rangi ya madini kama altramarini, ambayo huvumilia alkali. Kwenye nguo pia buluu ya mwani haifai, kwa kuwa huondoka kwa maji na jua. Huko nili bado ndiyo bingwa.

Maabara, ambako usafi ndio bei

Spirulina ina buluu ya pili, alofikosayanini, ambayo hunasa mwanga wa nanomita 650 na kutoa mng'ao mwekundu mkali wa karibu 660. Mwaka 1982 Vernon Oi, Alexander Glazer na Lubert Stryer walionyesha kwamba pigmenti za jamii hii zikifungwa kwenye kingamwili zinaweza kutumika kutambua seli moja moja. Matokeo yake yamefika hadi hospitali zetu: katika mojawapo ya vitendanishi vilivyotumika sana kuhesabu seli za kinga za CD4 za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kingamwili ya CD4 imefungwa alofikosayanini. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wamepimwa kwa msaada wa rangi ya sayanobakteria bila kujua.

Hapa kigezo cha kuchagua hakihusiani tena na uchachu au tanuri. Usafi wa fikosayanini hupimwa kwa kugawanya ufyonzaji wa mwanga katika nanomita 620 kwa ule wa nanomita 280. Uwiano wa 0.7 unatosha kwa chakula, 3.9 ni wa vitendanishi, na 4 kwenda juu ni wa uchanganuzi. Bei hupanda kwa kasi kati ya ngazi hizo, kiasi kwamba kitu kinachouzwa kwa kilo kiwandani huuzwa kwa miligramu maabarani. Mpishi anayeuziwa rangi yenye uwiano wa 3.9 analipia kitu ambacho ulimi wala jicho la mteja wake havitakitambua.

Mng'ao huohuo hutumika pia kupima hali ya maji ya ziwa. Vipima vinavyozamishwa majini hutafuta fikosayanini ili kujua mapema kama sayanobakteria wameanza kufurika, yaani kuzaliana kupita kiasi, na mahali kama Ghuba ya Winam karibu na Kisumu, ambako mafuriko hayo yanajulikana vizuri, kipimo hicho kina maana ya moja kwa moja kwa maji ya kunywa.

Kununua, kulima na kuhifadhi

Mafuriko hayo yanatukumbusha hatari ambayo haipaswi kupuuzwa. Si kila kijanibuluu majini ni spirulina. Microcystis, sayanobakteria wa Ziwa Victoria, hutoa sumu ya ini iitwayo maikrosistini, na sumu za sayanobakteria zimekutwa pia katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, ambako wataalamu wamezihusisha na vifo vya heroe wadogo. Kwa hiyo kuchota povu la kijani Bogoria au Natron na kulikausha kwa ajili ya kuuza ni jambo lisilokubalika hata kidogo. Spirulina ya chakula itoke kwenye bwawa lililopandwa mbegu inayojulikana, na muuzaji awe na cheti cha maabara kinachoonyesha maikrosistini, risasi, aseniki na bakteria. Oregon, huko Marekani, iliweka mwaka 1997 kikomo cha mikrogramu 1 ya maikrosistini kwa kila gramu ya mazao ya sayanobakteria yanayoliwa, na kikomo hicho ni kipimo kizuri cha kuulizia.

Anayetaka kulima mwenyewe ana hali ya hewa inayomruhusu, kwani spirulina hustawi katika nyuzi 30 hadi 37. Lakini aanze kwa kuuza unga, kwa kuwa unga unahitaji kuchuja na kukausha tu. Dondoo la buluu linataka ubaridi usiokatika, mashine za kutenganisha na ukaushaji wa uangalifu, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo hasara ni ya pipa zima. Kwa Tanzania bidhaa ipitie TBS, shirika la viwango, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo yenye dhamana ya vyakula na vipodozi, na kwa Kenya ipitie KEBS, shirika la viwango la huko. Lebo iseme wazi kwamba ni rangi, isidai kutibu maradhi, kwa sababu ruhusa zote nilizozitaja ni za kutia rangi.

Dondoo likishanunuliwa, liwe la spirulina au la Galdieria, likae katika chombo kisichopitisha mwanga na unyevu, mbali na jiko. Lile la unga hudumu kuliko la maji. La maji likae kwenye friji, na kila siku ipimwe na kuchukuliwa sehemu ya kazi ya siku hiyo tu, kwa sababu chupa inayotolewa na kurudishwa mara kwa mara katika joto la Dar es Salaam hupoteza buluu yake muda mrefu kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake.